Jogoo wa Mnada

Usa River, Jumatano

Mwanangu Godwin,

Jogoo wangu mwekundu alipotea Jumapili ile kanisa lilipowaaga mwende Zambia kuhudumia watoto. Siku hiyohiyo, kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada, nilishindana na Baba Kaanaeli mpaka elfu arobaini kwa jogoo mmoja mzuri. Nilipofika nyumbani nikaona mguuni mwake uzi wa bluu ninaowafungia kuku wangu. Nilikuwa nimenunua kuku wangu mwenyewe! Kumbe ulimtoa sadaka bila kuniuliza, nami nilimfuga nikuchinjie ukirudi.

Lakini la kuku nimeshalimeza. Mliondoka kumi na wawili, juzi wamerudi kumi na mmoja. Nikamuuliza Tabitha, mwenzako wa safari, "Godwin mmemwacha wapi?" Akasema, "Shangazi, watoto wa kule walimng'ang'ania, akabaki. Atakueleza mwenyewe."

Hao watoto wana nini, Godwin, ambacho mimi niliyekusomesha kwa kuuza mayai sina? Nauliza kwa kutaka kujua, sikutegi.

Kahawa imeanza kuiva. Jogoo mzima, anawika mpaka majirani wananung'unika.

Nijibu kabla ya Jumapili jioni, bila kuzunguka: unarudi nimchinje, au niendelee kumlisha?

Shangazi yako,
Elinipa