Mchezo Usio na Mahali pa Kutua Mzigo

Jumapili, mwezi wa kumi. Joto la kusubiri mvua.

Mawingu yamepita juu ya mtaa wetu wa Isevya tangu saa nne asubuhi yakielekea Urambo, sisi hatukuachiwa hata tone. Nimechoka. Sijashona kitu leo, sijapika cha maana, na aibu yenyewe ni kwamba kilichonichosha ni mchezo wa kompyuta.

Najua. Mwanamke wa miaka thelathini na nane, fundi cherehani, sare za watoto wa watu hazijakatwa, analalamikia mchezo. Cheka umalize, kisha nikueleze.

Niliusubiri miaka miwili. Ni wa aina ile ya kuwa mtu mwingine katika nchi ya kubuni: unajichagulia jina, unashika upanga, unajua uganga kidogo, na unapanda daraja kadiri unavyoua majoka. Hayo yapo kila mahali. Mimi nilivutwa na misafara. Humu unaongoza msafara kutoka bara hadi pwani, na unaajiri wapagazi. Nilipoona picha yao wamejipanga mstari, mizigo kichwani, nikasema haya, hatimaye kuna mtu ametukumbuka. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Babu yake mama alitembea njia hiyo mpaka Bagamoyo, akarudi na kovu begani ambalo mama analieleza kana kwamba ni lake.

Nilitarajia makubwa mno.

Wapagazi hawana majina. Wote wanaitwa Mpagazi, na ukitaka unaweza kuwapa jina, kama unavyompa mbwa. Halafu hawasemi. Joka linahutubia mpaka unasinzia, muuza dawa ana hadithi ya maisha yake yote, lakini aliyekubebea chakula siku kumi hana neno hata moja. Na baya kuliko yote, hakuna namna ya kumtua mtu mzigo. Nimetafuta kitufe hicho kila pembe. Unaweza kutupa mali, unaweza kumfukuza mpagazi, ila kumwambia tua, pumzika, haiwezekani. Wewe unalala, unakula, unapiga soga, yeye amesimama na mzigo wake. Aliyebuni haya hajawahi kubeba hata ndoo ya maji.

Ningeuacha wiki ya kwanza. Mama ndiye aliyenizuia.

Mama alipata kiharusi mwaka jana. Mguu umerudi kidogo. Maneno yalikuwa yanarudi moja moja, kwa shida, na hamu ya kuyasema haikuwepo. Alikuwa anakaa kutwa akitazama ukuta. Siku moja mwezi uliopita nilikuwa nacheza pembeni yake, akanyoosha mkono wake mzima, akagusa kioo.

"Kasimu," akasema.

Macho yake siku hizi yanaona maumbo tu. Alikuwa anamwonyesha mpagazi wa mwisho kwenye mstari, mrefu, shingo nyembamba. Kasimu ni kaka yake, mjomba wangu, aliyekuwa mchukuzi wa mizigo pale stesheni. Alikwenda Urambo msimu wa tumbaku, akafia huko. Habari zilifika keshazikwa, na mama alikuwa ndani na mimi mchanga wa siku mbili. Hakwenda, hakukaa hata matanga. Sijawahi kumsikia akimtaja bila kumalizia na "sikumwona".

Basi nikaandika Kasimu juu ya kichwa cha yule mpagazi, na mama akaanza kuongea. Kila siku baada ya alasiri namsogeza kwenye kiti, ananiamrisha. "Mpe maji." "Unampitaje mtu mzima hivyo? Msalimie." "Mwambie Kasimu atue." Hilo la mwisho lilinichoma kila mara. Nilikuwa namjibu ndiyo mama, ametua, huku namwona kwenye kioo amesimama vilevile. Mwezi mzima nimemdanganya mama yangu.

Jana tulifika kijiji cha mwisho kabla ya pwani. Kijiji kimejaa wazee, kila baraza ina wake. Mimi nimelelewa hapa Tabora, na mama yuko pembeni anasikiliza. Nikamsalimia wa kwanza, nikamsalimia wa pili, nikaenda hivyo nyumba kwa nyumba, maana nikimruka mmoja mama anaguna. Kila mzee ana maneno yake marefu kuhusu upanga uliopotea. Nafikiri walikuwa kumi na saba. Mchezo haukunionya kwamba saa inatembea wakati wa mazungumzo, na kwamba mpagazi mwenye mzigo anaishiwa nguvu muda wote huo. Inaelekea waliobuni mchezo walitegemea mtu mwenye akili zake ataingia kijijini, atapekua masanduku ya watu, ataondoka.

Nilipogeuka, Kasimu alikuwa chini. Yakatokea maandishi: umepoteza mpagazi mmoja. Chini yake, swali: ungependa kuajiri mwingine?

Nilizima nikawasha. Mchezo unajihifadhi wenyewe, hauna kurudi nyuma, ukanirejesha palepale kwenye swali. Mama alikuwa ameshasinzia kitini.

Nimemuua mjomba kwa adabu.

Asubuhi ya leo niliajiri mwingine mrefu. Nikaandika Kasimu. Mama asingejua. Nilipoliona jina lile juu ya kichwa cha mtu mwingine, mkono ukakataa, nikafuta, nikamfukuza na huyo mpagazi, swali likarudi. Lakini sikuwa na ujasiri wa kusema kweli pia. Niliogopa maneno yake yataondoka na Kasimu, na tutarudi kwenye ukuta.

Alasiri ikafika. Mama akakaa, akapapasa kompyuta akaikuta imefungwa.

"Kasimu kafika?"

Nilikuwa nimeandaa ndiyo. Ikanishinda. Nikamwambia, "Hapana, mama. Kaanguka kijiji cha mwisho. Nilikuwa nasalimia watu, sikumwangalia. Na ule mzigo hakuwahi kuutua hata siku moja, nilikuwa nakudanganya."

Nikaanza kulia, kwa ajili ya picha ya kompyuta, mimi mtu mzima.

"Ulimwona?" akauliza.

"Nilimwona, mama."

"Tandika mkeka."

Nikatandika. Akataka kushuka kwenye kiti, nikamshusha. Akajifunika khanga kichwani, akaushika mkono wake mbovu kwa ule mzima, akavifungua viganja vyote viwili pamoja. Nikakaa kando yake. Sikujua niombe nini, nikaitikia amina.

Ndivyo alivyotukuta jirani yetu, Mama Rehema, alipokuja kuulizia sare ya mwanawe. Akasimama mlangoni.

"Jamani! Nani tena?"

Mama akajibu mwenyewe. "Kaka yangu Kasimu. Siku nyingi. Sikuwahi kukaa matanga yake."

Sentensi tatu. Tangu augue hajawahi kufika tatu kwa mkupuo. Mama Rehema akavua kandambili, akaingia, akakaa. Hakuuliza kingine. Mama akaendelea mpaka magharibi: jinsi Kasimu alivyokuwa akimbeba mabegani kwenda kuona treni, jinsi alivyoiba karanga za bibi, jinsi alivyoimba vibaya. Nimemfahamu mjomba wangu leo.

Mama Rehema ameondoka akisema atawaambia wenzake wa mtaa, kesho watakuja na sufuria na unga. Sikuweza kumzuia. Nitawaambia nini wakiniuliza habari zimetufikiaje?

Kompyuta ipo kabatini, nadhani bado inauliza kama nataka kuajiri mwingine. Mama amelala. Sare hazijakatwa, na inabidi nikaazime mkeka wa pili.