Mkono Uliokuwa Ukibebwa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linasemaje siku hizi? Huku tu wazima, isipokuwa mkono wangu wa kushoto. Tangu nipate kiharusi umekuwa kama mgeni: upo, ila kazi za nyumbani hauzigusi.

Dada ameniambia umeshafunga mizigo uje kunitunza. Kabla hujapanda gari, nisikilize.

Hospitali mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinifunga vifaa vidogo kwenye mikono yote miwili, kama saa zisizo na mishale. Alisema vinapima mikono inavyosogea na kama inashirikiana, nami nikae navyo nyumbani kama kawaida. Basi dada akaendelea na kawaida yake: kunivisha, kunichana, kunikatia nyama. Nilideka, mama, sikufichi.

Tuliporudi hospitali, mtaalamu alituonyesha mistari miwili kwenye kompyuta, mmoja wa kila mkono. Wa kulia ulipanda na kushuka. Wa kushoto ulilala chali, ila kila asubuhi ulirukaruka kidogo. Dada akashangilia. Mtaalamu akauliza kwa upole asubuhi huwa nafanya nini. Nikajibu kwamba dada hunivisha. Akasema basi mkono huo hausogei, unabebwa. Dada alilia pale kwenye korido, nami nikalia kwa sababu yeye analia.

Tangu siku ile amejizuia. Nikihangaika na vifungo, anatazama ukutani na kuuma mdomo. Nimemwaga chai, nimevaa blauzi nje ndani, nimemtukana kimoyomoyo. Lakini juzi nilikaa kwenye cherehani, na mkono wa kushoto ukaongoza kitambaa chini ya sindano. Mshono ulipinda kama njia ya ng'ombe. Nilipopimwa tena kwa vile vifaa, mistari yote miwili ilikuwa inapanda pamoja.

Sasa niseme linalonikaa kooni. Usije, mama. Dada niliweza kumkatalia, wewe sitaweza. Utaushika mkono huu nami nitakuachia, na bila huo mimi si fundi cherehani tena. Ni wewe uliyetufundisha kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Naogopa, na ninakutamani mno.

Fungua mizigo. Nikishaweza kukushonea gauni, nitalileta mwenyewe nikufunge vifungo.

Msalimie baba. Dada anakusalimu, alitaka kunishikia karatasi hii nikiandika, nikamkatalia. Nimeishika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana imekunjamana.

Ni mimi,
kitindamimba wako