Blasha Baada ya Eda

Ijumaa, 31 Oktoba 2025

Eda imekwisha. Simu yangu ilikuwa inasema bado mpaka Jumanne — miezi minne na siku kumi tangu Habib wangu afariki. Baada ya alfajiri Mama akaja mlangoni na tasbihi yake. "Mwanangu, toka. Eda huhesabiwa kwa mwezi wa juu, si kwa mwezi wa simu." Mama mkwe wangu huyu, mama yake Habib, kumbe alikuwa ananihesabia kimyakimya chumbani kwake siku zote hizi. Nililia kidogo. Kisha nikaoga.

Nimepaka wanja. Nimejifukiza udi. Nimekaa mlangoni kuwaangalia watu wa mtaa wetu wa Kisenyi wakipita na mizigo yao, nikaona raha tu.

Jumamosi ya wiki ijayo ni arusi ya Taqwa, binti wa dada yangu. Nataka kwenda na mashavu yenye rangi. Miaka arobaini na tisa, blasha sijaigusa hata siku moja. Naitaka. Haya, nimeandika.

Lakini Habib alikuwa mwanawe wa pekee. Mama akiniona nimejirembesha hivyo, si atasema moyoni kwamba nimeshamsahau? Hilo siliwezi. Bora niende na uso mkavu kuliko kumtia jeraha.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimerudi dukani kwangu, duka la vipuri vya magari. Mwanangu Faizal ameuza vizuri, ila vumbi kwenye maboksi ya beringi — unaweza kupanda mihogo.

Mchana nikaingia duka la vipodozi karibu na paki ya teksi. Msichana akanijaribia mgongoni mwa mkono, chini ya taa ya mrija. Blasha ya waridi. Ilipendeza kweli. Akaniongezea na bronza, ile poda ya kahawia ya kutia uso joto, kama mtu aliyeota jua asubuhi.

Nyumbani, mbele ya dirisha: masikini mimi. Mashavu kama nimetoka kusaga unga. Bronza ndiyo mbaya zaidi, majivu matupu. Mimi maji ya kunde, nimeuziwa rangi za watu weupe. Nikanawa mbiombio kabla Mama hajamaliza kuswali. Nimecheka peke yangu. Mtu anajua beringi kwa kuigusa gizani, shavu lake mwenyewe linamshinda!

Jumanne, 4 Novemba

Shafiq amekuja kununua msasa. Ni fundi wa kupulizia magari rangi, gereji ya jirani. Nikamfuata mpaka kwake kuchukua chenji, nikamkuta na mlango wa gari uliobonyea, anatafuta rangi inayofanana. Anapaka kitone, anautoa mlango nje juani, anautazama, anarudi ndani, anaongeza tone la nyeusi, anatoka tena. Nikamuuliza mbona anajichosha, taa si anayo. "Hajati, taa muongo," akasema. (Ananiita Hajati, hali Makka sijaiona.) Na tena, kasema, rangi haijaribiwi kwenye kopo. Unaijaribu kwenye gari lenyewe.

Nikautazama mkono wangu. Mkono si shavu. Kumbe ni hilo tu.

Jumatano, 5 Novemba

Nimerudi kwa yule msichana na kioo cha mkobani. Nikapaka kidogo pembeni ya taya, nikatoka mpaka barabarani. Boda mmoja akasimama akidhani natafuta usafiri. Nikamwambia kale, haya, endelea na safari yako, bambi, maskini wa watu.

Ya waridi hapana. Ya chungwa hapana, nilionekana nina homa. Halafu kuna moja ya rangi ya tofali, niliiogopa kwenye kopo maana ni nyekundu ya kutisha. Juani ikaingia ngozini kana kwamba ilikuwa humo siku zote. Na bronza, ya kahawia iliyoiva, imenizidi weusi kidogo tu. Msichana akaniita nyabo, yaani bibi, akasema nimemfundisha kazi. Nikamwambia aende akamshukuru fundi magari.

Nimetembea mpaka nyumbani nikijisikia mwepesi.

Alhamisi, 6 Novemba

Lamwaka amekuja kunifunza kupaka. Tulisoma pamoja, sasa ni sajini wa polisi kule Nakawa, na siku zake za mapumziko anapamba maharusi. Kiswahili chake ni kile cha kambini, hakijui utani. "Brashi kung'uta kwanza. Wewe nashika kama napaka rangi geti."

Bronza inapita pale jua linapopiga: paji la uso, juu ya mfupa wa shavu, ukingo wa taya. Blasha unatabasamu kwanza, unaanza pale shavu linapovimba, unavuta juu kuelekea sikio. Kidogo. Halafu tena kidogo. Mara ya kwanza nikatoka kama nimepigwa makofi, Lamwaka akataka kunifungulia kesi. Tumecheka mpaka mbavu zikauma. Mara ya tatu nikajitazama. Nilikuwa mimi, ila mimi niliyelala vizuri.

Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa anapita kwenda kutawadha. Akasimama. Akaniangalia, akaenda zake.

Lamwaka anasema labda macho ya mzee haioni mbali. Macho ya Mama yanatunga uzi kwenye sindano.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimempelekea Mama chai. Chai ameiacha nusu. Nimemuuliza kama anaumwa, amesema hapana.

Vikopo nimevitia kwenye droo. Kesho wanja tu, yatosha. Sinung'uniki — nina duka, nina mwanangu, nina yeye. Ila ule uso niliupenda.

Jumamosi, 8 Novemba

Saa nne asubuhi. Nimeshavaa. Nikafunga pazia, nikafungua droo. Shavu la kulia nimelimaliza, bronza na blasha. Nilipogeukia la kushoto mkono ukagoma. Nikamwona Mama akilini, na chai yake ya jana. Ndiyo maana nimekaa kuandika badala ya kunawa.

Mlango.

Ni yeye. Amevaa tayari, na buibui lake la kutokea. Nimefunika shavu kwa kiganja kama mtoto aliyekutwa na sukari. Amenipita, ameenda kulivuta pazia mpaka mwisho, jua lote limeingia. Amekaa kitandani, upande wa Habib. Macho yake mekundu. La juzi hajalitaja, nami sikuuliza. Ameutoa mkono wangu shavuni, taratibu, akanigeuza uso huku na huku kwenye mwanga.

"Upande wa kushoto bado," amesema.

Nimesema najua, Mama.

Kopo la blasha analo yeye, amelifungua, analinusa. Mimi naandika maana sijui nifanye nini na mikono yangu. Gari la kina Taqwa linapiga honi nje, mara ya pili hii. Mama ametoa kichwa dirishani, amemwambia dereva asubiri.