Sikushuka Garini

Jumapili usiku, Ingleburn

Ndiyo kwanza nimerudi nyumbani.

Baada ya ibada kanisa zima lilienda hospitali kumwona Mzee Bahati. Niliendesha hadi pale, halafu nikashindwa kushuka. Mama Neema akagonga kioo: "Wewe ndiye nesi wetu, kweli unabaki nje?" Nikasingizia kichwa.

Ningemwambia nini? Kwamba mzee alikuja kliniki kigimbi kikimuuma, nikasema ni misuli tu, ni ile kazi yake ya kubeba mizigo? Kumbe damu ilikuwa imeganda mguuni, ikapanda hadi kwenye mapafu. Hapakuwa na daktari. Mimi ni nesi mwenye kibali cha kutibu peke yangu, na sahihi ni yangu.

Sasa binti yake amenishtaki, na wakili wa bima yangu amenikataza kuzungumza na yeyote wa familia ile. Mzee mwenyewe sijui kama anajua.

Niliupima mguu ule. Nina hakika. Nadhani nina hakika.

Wakininyang'anya leseni…

Nikiwa bado garini, mzee akanitumia ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili chake cha Bukavu, pumzi zikimkatika: "Dada, watu bote bamefika. Weye uko wapi? Kuya uniangalie huu muguu. Mi naamini weye tu."

Nililia. Kisha, kwa woga, nikamwandikia wakili kuhusu ujumbe ule. Amejibu sasa hivi: nisiufute, utatusaidia kortini, maana mgonjwa mwenyewe anasema ananiamini.

Nikashusha pumzi. Mungu wangu, nimesikia sauti ya mzee yule ikiniita, na nikashusha pumzi.