Shingo Haigeuki

Jumanne, 8 Julai 2025

Nimemgonga Asia, jirani yangu. Kwenye kona ya jiwe jeupe, nikishuka na tenga la karoti kichwani. Karoti zote zimeporomokea korongoni, tenga likakwama kwenye migomba ya watu.

Nilimfokea. Mtu mzima anasimamaje njiani kama kisiki? Akasema alishanipisha, alijibana pembeni, kushoto kwangu, kama inavyotakiwa — anayeshuka na mzigo hupishwa — na shikamoo alishatoa. Nikamwambia shikamoo nimeisikia, yeye sikumwona, alijificha.

"Nimejificha na kanga nyekundu, bibi?"

Akacheka. Mjinga. Tukaokota karoti, zilizopondeka nikawaachia wenye migomba.

Sijaumia. Goti tu.

Lakini mdomo wa Asia una miguu. Sijafika Bigwa kwa Nasra, Nasra ameshajua. Amesimama mlangoni na simu mkononi. Mtoto wangu wa kike ni huyo mmoja, kaolewa, kajenga, ana vigae sakafuni. Akasema safari hii hanirudishi mlimani. Safari hii! Kama mbuzi aliyekamatwa kwenye maharage ya watu. Nimekunywa chai yake, nimepanda kurudi kwangu kwa miguu yangu.

Naandika hapa kwa sababu nikisema peke yangu wataongeza na ugonjwa wa kichwa.

Alhamisi, 10 Julai

Nasra amepanda. Hakuja peke yake. Amemleta Luqmani, kaka yangu mimi, mjomba wake yeye. Kwetu Waluguru mjomba akisema, imesemwa. Mtoto huyu anajua pa kunikamatia.

Anataka nihamie Bigwa. Chumba kipo, kitanda kipo, televisheni ipo. Nikauliza, na shamba? Shamba hili ni la lukolo letu, la ukoo wa upande wa mama. Bibi yangu alilima, mama akalima, nalima mimi, na baada yangu ni Nasra. Nasra! Hajui kubeba hata ndoo ya maji kichwani bila kuishika kwa mikono miwili. Nikishuka mimi leo, masika ijayo hapa ni pori. Nikamwambia nitashuka siku atakayopanda yeye.

Kisha akasema anaogopa simu. Kila ikiita kutoka huku juu anadhani wameniokota korongoni. Akalia kidogo. Nikawafukuza kuku, ingawa hawakuwa na kosa.

Luqmani akaamua. Nikapimwe macho. Yakiwa mazima, Nasra asifungue mdomo tena. Yakiwa mabovu, mzigo ushuke kichwani, nami nishuke Bigwa.

Nikakubali hapo hapo. Nikachukua sindano na uzi, nikapitisha mbele yao kwa mara moja. Nikamwonyesha Luqmani mbuzi mweupe ng'ambo ya bonde. Alikaza macho mpaka machozi, hakumwona. Sasa nani akapimwe?

Jumatatu, 14 Julai

Kliniki ya macho, mjini. Wazee wamejipanga kwenye mabenchi, kila mmoja anasimulia jicho lake kama anasimulia mtoto.

Kwanza ubao. Herufi ya E imegeuzwa huku na huku, unaonyesha kwa mkono miguu yake inatazama wapi. Nimeonyesha zote mpaka chini kabisa, zile ndogo kama chawa. Nikamtazama Nasra. Nasra akatazama simu.

Daktari ni msichana, anaitwa Irene. Ana adabu, shikamoo kaitoa kabla sijakaa. Akanipeleka kwenye mashine. Ni kama beseni kubwa jeupe lililosimamishwa ubavu. Kidevu unaweka hapa, paji la uso hapa, jicho moja linafunikwa. Tazama kitaa cha katikati, usikiache. Vingine vitawaka pembeni, ukikiona bonyeza.

Nikabonyeza. Kinawaka huku, nakifuata, nabonyeza. Kinawaka kule, nakifuata, nabonyeza. Kazi ya kuku hii, kudonoa tu. Irene akaizima. Akasema, bibi unavifuata, jicho halitakiwi kutoka katikati. Nikamwambia jicho lisilozunguka ni la maiti. Na tangu lini mtu aliyelelewa akakodolea kitu kimoja namna hiyo?

Akacheka, akaanza upya. Nikavifuata tena. Sikukusudia! Yanakwenda yenyewe. Kasema nirudi Alhamisi.

Halafu akanitia dawa, akanimulika na tochi yake ndani ya jicho. Nikaona mizizi ya mti imetandazwa hewani, myeusi, mingi. Nikashtuka. Akasema ni mishipa yangu mwenyewe, kivuli cha mishipa ya jicho. Umri wote huu nina mti humo ndani na sijaambiwa.

Kutoka nje — jua! Dawa imeacha mboni wazi kama milango ya nyumba yenye msiba, nuru inaingia yote bila hodi. Nikajifunika kanga usoni. Nasra akanishika mkono katikati ya mji, watu wanatazama. Nikautoa mkono wake. Nikajikwaa. Nikamrudishia mkono.

Jumanne, 15 Julai

Bado Bigwa. Sakafu ya vigae ni baridi kama maiti.

Jana Irene alisema jicho halitelezi. Linaruka, linatua, linaruka tena, na linaporuka halioni kitu. Nikajua ni mambo ya vitabu. Leo nimemvizia Nasra akisoma simu yake. Kumbe kweli. Macho yanaruka kama panzi kwenye majani makavu, pa, pa, pa, yanarudi mwanzo wa mstari.

Nikaenda kwenye kioo chake cha kabati. Nikatazama jicho langu la kulia, kisha la kushoto, kisha la kulia. Hayasogei. Yametulia tu yananitazama. Nikamwita Nasra afanye vile vile. Yake nikayaona yanaruka, lakini yeye akaapa kwenye kioo haoni kitu. Akaniambia mama na yako yanaruka, tena sana. Tukabaki tunasukumana mbele ya kioo kama wasichana wanaochagua kanga. Tumecheka. Hatujacheka hivyo siku nyingi, mimi na huyu.

Halafu nikakasirika. Jicho ni langu. Linafanya mambo yake mchana kweupe, mbele ya uso wangu, na linanificha. Sasa linanificha nini kingine?

Alhamisi, 17 Julai

Leo niliingia nimeapa. Mimi niliwahi kuwa mwali. Nilifungiwa ndani, nikafundishwa kutazama mkeka mbele ya wakubwa, macho hayainuki hata nyumba ikiungua. Beseni litanishinda?

Jicho la kulia kwanza. Nikakikazia kile kitaa cha katikati kama kimenitukana. Vingine vikaja pembeni. Sikuvifuata. Nabonyeza tu. Vimekuja vingi, kama vimulimuli kwenye mpunga.

Likaja la kushoto. Kitaa cha katikati kipo. Karibu yake kikawaka kimoja, nikabonyeza. Kikawaka kingine. Halafu kimya. Nikangoja. Mashine inalia ndani kwa ndani, tiki, tiki, lakini vitaa havipo. Nikaendelea kungoja, sikuyumba hata kidogo, jasho linanishuka mgongoni. Mwishowe nikamwambia Irene taa zake zimeungua, aite fundi.

Nikarudia, nikamwambia aite fundi, watu wametoka mbali.

"Hazijaungua, bibi."

Alisema polepole. Nasra alikuwa nyuma yangu. Nilisikia anakaa chini.

Presha ya macho. Imekula pembeni taratibu, bila maumivu, jicho la kushoto limebaki kuchungulia katikati kama mtu kwenye bomba. La kulia limeanza kuliwa kidogo. Nikauliza, sasa mbona sikuona giza? Akasema giza haliji. Panapopotea hapana rangi yoyote, na macho yanakimbia huku na huku kupaziba, mwenyewe hujui. Akasema yangu ni hodari mno kwa kukimbia, hajaona mzee anayezungusha macho hivi.

Nikajua kwa nini. Sikumwambia. Mzigo ukiwa kichwani, shingo haigeuki. Hilo ndilo la kwanza alilonifundisha mama, alikuwa ananigonga kidevu. Shingo mti, macho ndiyo yatembee. Basi yangu yametembea tangu nilipoota meno ya pili, yanatafuta jiwe, mzizi, nyoka, mtu. Yamefanya kazi mpaka yakawa waongo.

Lililokwisha halirudi. Matone kila jioni mpaka nikaingie kaburini, yalinde yaliyobaki. Na nikitaka kuona kushoto nigeuze shingo.

Nigeuze shingo! Anamwambia nani?

Ijumaa, 18 Julai

Matone nimetia. Yanachoma.

Sikubali.

Jumapili, 20 Julai

Niko kwangu. Nasra hakunizuia, na hilo ndilo limenitisha. Kasema Jumatano atapanda na mjomba, kuja kunichukua. Kasema Luqmani ameshasema, na mimi nilikubali mbele ya mashahidi. Ni kweli. Sindano na uzi vilinidanganya.

Nimekaa mlangoni nikafunga jicho la kulia. Nikautazama msumari wa kwenye mwimo. Jogoo akapita kutoka kwenye migomba kuja kwangu. Sikumwona. Sikumwona. Halafu huyu hapa, amezaliwa hewani karibu na msumari! Akapita, akafa tena. Nimerudia mpaka jogoo mwenyewe akachoka na mimi.

Hapo ndipo alipokuwa Asia. Na kanga yake nyekundu.

Lakini nimemtazama sana yule jogoo. Macho yake hayazunguki, yamekazwa kichwani kama vifungo. Kila kitu anageuza shingo. Punje, shingo. Mwewe, shingo. Mimi, shingo. Na anaishi hapa hapa mlimani, hakuna aliyemwambia ahamie Bigwa.

Jumatatu, 21 Julai

Nimejaribu uani, tenga tupu. Ngata ya majani ya mgomba, tenga juu, natembea. Kushoto — nageuza shingo — tenga chini. Nimetia magimbi liwe zito litulie. Limeanguka kwa kishindo zaidi. Asia akatokeza kwenye ua, akaniuliza nacheza ngoma gani. Nikamwambia apite njia yake. Hakupita. Kanisaidia kuokota magimbi, safari hii kakaa upande wa kulia bila kuambiwa. Nimeona alivyofanya.

Jumanne, 22 Julai

Linawezekana. Unalishika tenga kwa mkono wa kulia. Wa kushoto hapana, unaziba hata hicho kidogo. Mkono wa kulia juu, shingo inageuka pole pole, tenga linakaa.

Nimetembea hivyo uani kote. Kama wale wasichana wa siku hizi ninaowacheka njiani, wanaoshikilia ndoo kama inataka kutoroka. Bora hivyo. Bora kuchekwa kwenye njia yangu kuliko kuheshimiwa kwenye vigae.

Luqmani akija atasema mzigo ushuke. Nitamwambia autazame kwanza.

Jumatano, 23 Julai

Nimejiandaa tangu ukungu haujaondoka. Njegere zimejaa tenga, nimelifunika majani, ngata iko juu yake. Nimeliegesha hapa hapa kibarazani kushoto kwangu. Watakaponikuta nitanyanyuka, nitabeba, nitashuka nao mpaka Bigwa. Mbele yao. Luqmani aone shingo inavyogeuka. Jioni napanda kurudi. Matone yako kwenye pindo la kanga, hilo Nasra asinisumbue.

Luqmani nimeshamwona, huyo kwenye kona ya jiwe jeupe, anapumua kwa mdomo kama ng'ombe wa kulima. Mwaka huu amezeeka. Yuko peke yake. Nasra simwoni. Labda amekataa kupanda, labda ameniachia. Akiniachia nitafanyaje? Hapana — nitafurahi.

Majani ya mgomba yanachakarika. Jogoo huyo, anatafuta njegere zangu. Shh!

Luqmani amefika. Hanitazami mimi. Anatazama pembeni yangu, na anacheka.

Shikamoo mama. Sauti ya Nasra. Kushoto, karibu kabisa. Kushoto naona ukuta tu. Nageuza shingo. Mgomba. Naigeuza zaidi — tenga halipo. Zaidi.

Amelibeba. Nasra, na viatu vyake vya mjini, tenga langu liko kichwani kwake, limekaa upande, amelishika kwa mikono miwili kama anazuia paa lisiezuliwe na upepo. Njegere zinamdondokea mabegani. Anauliza mama hivi ndivyo?

Sivyo! Ngata ameisahau, na kidevu kiko kifuani. Naweka kalamu, nikamgonge hicho kidevu