Ruhusa ya Kuandika Ratiba ya Maji

Vaiala, Apia
Jumapili, 14 Agosti 2022

Mpendwa Mjomba Iakopo,

Talofa lava. Je, baridi ya Invercargill imeyaachia magoti yako? Mama anauliza kama unayapaka yale mafuta aliyokutumia, au umeyakaangia samaki. Sisi tu wazima, ila paka kazaa tena kabatini, juu ya nguo za kanisani.

Nina habari iliyonishangaza mwenyewe. Mwaka jana boti ya muuguzi wa kisiwa cha Manono ilikwama juu ya matumbawe, na mgonjwa ndani. Simu ilikuwa imewaambia maji yamejaa. Nikataka kujua simu ilidanganywa na nani. Kumbe ratiba ya maji kujaa na kupwa iliyo simuni hutoka kwenye programu huria: msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, ila kuubadilisha ni ruhusa ya watu sita tu. Na kwa hesabu zao, Samoa haijaruka siku ile ya 2011, tulipohamishwa ng'ambo ya mstari wa tarehe! Bado tulikuwa upande wa jana, na kosa la siku moja tu hupotosha wakati wa maji kujaa karibu saa nzima.

Nikawaandikia. Mkubwa wao, Bwana Desmond Purtell wa Hobart, akanijibu neno moja: "Umepima?"

Basi nikashuka gatini na ufito wa kupimia maji siku kumi na nne. Mama akanicheka: "Bahari ikikujibu, iulize na mume yuko wapi!"

Sahihisho likakubaliwa. Nikatuma mengine, mengi yakarudishwa. Mwezi wa Mei nikagundua kwamba moja walilolipokea lilikuwa limeharibu ratiba ya Tonga. Hakuna aliyeona. Nilikaa nalo siku nzima, kisha nikawaambia.

Nikangoja kufukuzwa. Juzi wamenipa ruhusa, mimi mtu wa saba. Nikamuuliza Desmond kwa nini.

"Wajuzi wa hesabu tunao, binti," akaandika. "Wa kujishtaki wenyewe ndio adimu."

Jana mtu wa Kiribati, ambaye sijui hata kama ni mwanamume au mwanamke, alileta sahihisho lake, nikaachiwa niamue. Nililikagua tangu asubuhi hadi mchana. Lilikuwa sawa, nikalipitisha. Ni nani huyo? Alimwona nani akikwama? Sijui. Ila huenda sasa hivi kuna mtu huko kwao Tarawa anavuka salama kwa kazi yake, naye hatujui sote wawili.

Wasalimie mkeo Ruta, na Pesaleli na Sulieti. Mungu awafunike kwa blanketi nene kuliko hayo ya dukani.

Mpwa wako akupendaye,
Fetuao