Matobolwa Chini ya Godoro

Jumapili, 8 Juni 2025 — Ushirombo

Sijui kuanza kuandika bila kusalimu. Shule niliyosoma ilinifikisha kwenye barua tu. Basi nasalimu. Mama mkwe, shikamoo, goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Kehancha? Baba Robi, habari yako na ya ng'ombe? Robi mwanangu mkubwa, unayepika mahali pangu, usiunguze mikono. Thobias, viatu vya shule vimeshonwa? Na Nyangi, kitinda mimba wangu, nakunusa hapo shingoni panaponukia maziwa. Mimi mzima. Mwili uko Tanzania, roho iko huko.

Mbuke kalala, kageukia ukuta. Mtoto wa marehemu kaka yangu Chacha. Alikuja Bulyanhulu kuchimba dhahabu, duara, ndilo shimo la wachimbaji, likamfukia humo humo. Mama wa mtoto alishatangulia kwa homa. Masista wakamlea. Sasa nimepewa nikae naye hapa, chumba cha kupanga, mpaka mahakama Shinyanga iseme ni wangu. Damu ni ya kaka yangu lakini mimi mgeni, pasi yangu ya Kenya. Ndiyo sheria.

Hajaniita kitu. Si mama, si shangazi. Akitaka maji anakwenda kusimama karibu na ndoo.

Jumatano, 11 Juni

Dada Suzana wa ustawi wa jamii kaja. Anakula? Analala? Anacheka? Nikasema anakula. Kucheka bado. Akaandika. Akasema jaji atataka kujua kama mtoto amenizoea, mtoto havushwi mpaka wa nchi kama gunia. Kweli kabisa — lakini ilinichoma. Na nikisafiri kabla ya hukumu, Mbuke anarudi kwa masista, tunaanza upya.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeharibu. Nilitoa godoro nilianike, chini yake nikakuta vipande vikavu, vigumu, kama maganda ya mti. Nikadhani takataka. Nikafagia vyote mpaka jalalani. Mbuke akaingia, akaangalia chaga tupu, akaniangalia mimi. Hakulia. Afadhali angelia.

Mama Masalu mwenye nyumba alicheka mpaka akashika mlango. Kumbe ni matobolwa! Viazi vitamu, vinachemshwa, vinakatwa, vinaanikwa juani, Msukuma anatafuna mpaka mavuno mengine. Yeye ndiye anampa mtoto, kimya kimya.

"Nyie Wakurya mnajua kupigana tu," akasema. "Chakula mnakitupa."

Kisha akaacha kucheka. Akaniambia mtoto huyu kila aliyemshika mkono alimwachia njiani. Lazima aweke akiba. Hajui kesho atakuwa kwa nani.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi mapema gulioni. Nimenunua matobolwa, kisado kizima, nikayapanga chini ya godoro upande wake. Jioni nikiwa nachambua mchele nikasikia kra, kra, kra. Kayaona.

Jumanne, 17 Juni

Nilikuwa nafua. Mbuke akaja nyuma akanishika upindo wa kitenge. Akaushika kidogo tu, akauachia, akaenda kucheza na Masalu. Nikabaki na mapovu mikononi, nimesahau nafua nini.

Alhamisi, 19 Juni

Baba Robi kapiga. Nyangi hali. Uji anautema. Akiona mwanamke njiani ana kitenge cha buluu kama changu anamfuata, mpaka Robi amkimbilie.

Mama mkwe akapokea simu. Nilimsalimu, hakuitikia. "Unaokota wa wafu," akasema, "wa kwako aliye hai umemwachia nani?"

Baba Robi hakusema rudi. Alisema angalia mwenyewe. Ni heri angesema rudi!

Jaji ni Jumatano ijayo. Nikiondoka sasa, makaratasi yanaanza upya, sawa, makaratasi hayana moyo. Na Mbuke? Yeye ataanza upya na nini?

Nimetoa begi chini ya meza. Naweka nguo, natoa.

Jumapili, 22 Juni

Robi kaazima simu ya jirani, ile ya kuonana. Nyangi kakonda — macho tu! Aliponiona akalia, akaficha uso kwenye nguo ya bibi yake. Namwita Nyangi, Nyangi, hageuki. Na mimi nikashindwa, nikalia.

Mbuke alikuwa mlangoni. Akapita kimya, akainua godoro, akaja na kipande cha tobolwa, kikubwa, kile ambacho alikuwa hajakigusa. Akakibandika kwenye kioo cha simu, pale pale kwenye uso wa Nyangi.

"Kula," akasema.

Akangoja. Akanigeukia.

"Mama, mbona hapokei?"

Huko Nyangi alinyamaza, akaanza kugeuka taratibu aone sauti ya nani. Hapo hapo bando likaisha. Picha ikaganda, kinywa chake kiko wazi, sijui ni kilio au ni kuomba.

Maduka ya vocha yamefungwa, watu wako kanisani. Begi liko mlangoni, nusu limefungwa. Mbuke kalikalia, anatafuna, hataki kushuka.

Baba Robi, Robi, mama, yeyote aliye karibu — najua daftari halina miguu — nileteeni neno upesi, hata kwa simu ya jirani. Nyangi amekula?